Nota Iliyonyooshwa

Kwa miaka thelathini na mitatu Qiao Dianwen alipuliza zumari mbele ya watu waliokata tiketi. Walikaa kwenye viti vya mahameli, wakabana kikohozi chao, na akimaliza wakapiga makofi. Kijijini kwao, Nanyu, hakuna viti vya mahameli. Nanyu zumari hulia kwa ajili ya maiti, na kwa ajili ya miungu mwezi wa kwanza, basi. Mpulizaji halipwi hata senti. Hupewa chai, sigara na benchi la kukalia. Anayekubali kulipwa hufutwa jina kwenye daftari la chama cha wapiga muziki wa kijiji.

Dianwen alifutwa akiwa na miaka kumi na tisa, siku ile ile alipopanda gari la kundi la muziki la mkoa. Aliyemfuta ni mwalimu wake mwenyewe, Mzee Xing, na alifuta taratibu kama mtu anayepaka dawa kidonda cha mtoto. Kisha akaweka brashi chini, akatoka nje, akampa kijana kopo la chai lililojaa ndimi za tete za kupulizia zumari, lililofungwa kwa nta. Mama yake Dianwen alikuwa amesimama pale pale na mikono ya unga. Hakulia. Alimwambia tu, "Nenda. Ila mimi nikifa nataka zumari la nyumbani, silitaki la kwenye redio."

Zumari lenyewe ni kitu kidogo. Mti mweusi wa urefu wa kiganja na kidogo, matundu manane, na juu yake ulimi mpana uliochongwa kwa tete la ziwani. Kazi yote iko kwenye ulimi. Ukiwa mnene zumari linakoroma, ukiwa mwembamba linapiga kelele kama bata aliyekanyagwa. Nanyu ndimi zilichongwa na Mzee Xing, na mikono yake ilipoanza kutetemeka kazi ikachukuliwa na binti yake, Lanyue. Sasa, ulimi hauchongwi kwa kukisia. Unakwangua, unapuliza, unakwangua tena, unapuliza tena. Na huwezi kuujua kwa nota moja, lazima uupitishe kwenye wimbo mzima. Mwanamke haandikwi kwenye daftari la chama, lakini hakuna aliyewahi kusema mwanamke asijaribu ulimi. Basi Lanyue alijaribu ndimi nyuma ya banda la bata, mwaka hadi mwaka, na waliopita barabarani walisema Lanyue yuko kazini, wakaendelea na safari zao.

Mjini, Dianwen alikutana na piano. Wimbo wa kusindikizia maiti wa Nanyu una nota moja isiyokuwa na pa kukaa kwenye piano. Iko katikati ya vitufe viwili. Kiongozi wa okestra alibonyeza cha kushoto, akabonyeza cha kulia, akamuuliza anataka ipi. Dianwen akasema hapo katikati. Watu arobaini walicheka kwa pamoja, na wengine walikuwa na vyombo mdomoni.

Walimnyoosha miaka miwili. Kila asubuhi piano, zumari, piano, zumari. Nota ikanyooka. Walimtobolea zumari jipya lenye matundu yaliyosogezwa, wakamtafutia fundi wa ndimi wa mjini, na kuanzia hapo hakuna aliyemshika. Aliweza kupuliza kwa pumzi moja isiyokatika mpaka watu wakaanza kuangalia saa zao. Aliweza kupuliza mazumari mawili kwa wakati mmoja. Alivuka bahari akapuliza mbele ya wageni waliofumba macho kwa heshima. Walimvalisha shati la hariri la rangi ya waridi, na hivyo ndivyo mama yake alivyomwona mara ya kwanza kwenye televisheni ya jirani. Bibi huyo alitazama mpaka mwisho, halafu akauliza kwa nini mwanawe wamemtoa mbele za watu na nguo ya kulalia.

Kila mwaka matete yalipokauka, Lanyue alimtumia kopo la ndimi kwa posta. Miaka minne ya kwanza Dianwen alizitumia. Mwishoni mwa mwaka wa nne zikawa zinamvuta chini, kwenye ile nota ya zamani, na kiongozi wa okestra akakunja uso. Dianwen akaacha kuzitumia. Angeweza kumwandikia Lanyue mistari miwili tu, asante, usijisumbue tena. Hakuandika. Mwanamume anaweza kupuliza mazumari mawili kwa wakati mmoja na akashindwa kuandika mistari miwili. Makopo aliyasukuma chini ya kitanda.

Alipostaafu, mkewe alibaki mjini na mjukuu, na kwa kweli na choo cha ndani. Dianwen alirudi Nanyu peke yake, majira ya kuchipua, kwa sababu mama yake alikuwa na miaka themanini na saba na alikuwa bado anapanda ngazi kuanika mahindi. Alikuwa amerudi kwa ajili ya lile neno ambalo mama alimwambia siku ile ya mikono ya unga. Hakumtajia mtu, lakini Nanyu yote ilijua.

Chama kilimpokea kwa chai. Mzee Xing alikuwa ameshakufa. Wapulizaji sita wa zamani walikuwa wamekwisha: wawili kaburini, mmoja hana meno, wengine wako kusini wanaendesha malori. Walibaki wapiga ngoma na matoazi, na wazee wanne wa sheng, vile vinanda vya mdomo vyenye mianzi iliyosimama kama kichaka. Mkubwa wao alikuwa Kuai Zhenhai, mtu mkavu, mchache wa maneno. Walikaa, wakaanza wimbo, na walipofika kwenye ile nota zumari na sheng vikakwaruzana kama sahani mbili zilizokwama. Walirudia, vikakwaruzana tena. Wazee walitazama chini. Dianwen alitabasamu kwa upole, kama daktari.

Wiki ile ile alikusanya sheng zote nne, akazifunga kwenye gunia, akasema anazipeleka mjini kwa rafiki yake zikatengenezwe. Wazee walidhani anazipeleka kusafishwa. Zilirudi baada ya siku kumi na tano zinang'aa, mianzi imepigwa mafuta, pete za shaba zimesuguliwa. Kuai Zhenhai alichukua yake, akapuliza mara moja, akaishusha magotini kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani.

"Dianwen, hii ni ya nani?"

"Yako, Baba Mdogo. Imenyooshwa."

"Nani alikuambia imepinda?"

Wazee walimaliza chai yao, wakaenda nyumbani, na sheng nne zikaachwa juu ya meza zinang'aa. Sheng zile zilikuwa za babu zao. Kuanzia siku hiyo Nanyu ilianza kumwita Msanii, na si kwa kumsifu.

Aliyezichukua ni Lanyue. Alikuja na kikapu cha bata, akazipanga ndani, akazifunika kwa taulo. Kila mwanzi wa sheng una kijiulimi cha shaba chenye chembe ya nta, na sauti hupanda au kushuka kwa nta hiyo. Alikaa nazo wiki tatu, na waya uliopashwa moto na donge la nta ya nyuki, anarudisha kijiulimi kimoja kimoja mahali pake. Hakuwa na mashine wala piano. Alikuwa na sikio lake.

Siku moja Dianwen alipita nyuma ya ukuta wa banda la bata na ndoo ya maji. Alimsikia anapuliza mwanzi mmoja, ananyamaza, anaweka nta, anapuliza tena. Sauti ilishuka kidogo, ikashuka kidogo tena, ikasimama. Ilikuwa ile nota. Dianwen alisimama na ndoo mkononi mpaka maji yakatulia kabisa. Sheng hazikuwahi kupinda. Aliyekuwa amepinda ni yeye, na alikuwa amepindishwa kwa gharama ya serikali, na juu ya hayo akapigiwa makofi.

Mwezi wa nane mama yake alianguka kwenye ngazi ya mahindi. Mfupa wa nyonga ulivunjika, na daktari alisema kwa sauti ya chini kwamba bibi anaweza kuuona mwanzo wa barafu, si zaidi. Alilazwa juu ya kitanda cha matofali, moto ukakokwa chini yake, na hakuinuka tena.

Dianwen alikwenda kwa Kuai Zhenhai akiwa amevua kofia. Alichokwenda kuomba kilikuwa kigumu, kwa maana mwana wa marehemu hapulizi. Mwana huvaa nyeupe, hushika fimbo ya msiba iliyofungwa karatasi, huvunja bakuli la udongo, hutembea ameinama na kulia. Kuai alijua kabla hajaambiwa. Alikuna kidevu, akasema kwamba sheria ni sheria, lakini mpulizaji mwingine hakuna, na bibi yule amewapikia wanachama mikate ya mvuke tangu walipokuwa wavulana. Akasema atafumba macho, ila kwa sharti.

"Lete ile nota," alisema. "Ukikaa nasi kwenye nota hiyo, mama yako ataondoka na zumari. Usipokaa, ataondoka na ngoma na matoazi. Sheng zangu hazisafiri tena kwenda mjini."

Basi Dianwen alikwenda kwa Lanyue. Alisimama mlangoni kwenye kinyesi cha bata na viatu vyake vya ngozi, akasema anataka kufundishwa. Lanyue alikuwa anakaribia miaka hamsini wakati huo, mikono myekundu, kilemba cha bluu kichwani. Hakumcheka. Alisema kwanza atahitaji ulimi wa zamani, huo wake wa mjini haufai hata kuchokolea meno.

"Ninazo zako," alisema Dianwen kabla hajafikiri. "Nimekuja nazo."

Alimletea sanduku. Lanyue alifungua, akatoa makopo akayapanga juu ya benchi moja baada ya jingine, akageuza kila moja kutazama mfuniko. Nta ya kufungia ilikuwa bado nzima. Alihesabu kwa midomo, bila sauti. Ishirini na tisa.

"Kumbe nilikuwa nawatumia mende," alisema.

Dianwen alianza kueleza habari za kiongozi wa okestra. Lanyue alimkatiza, akamwambia achukue zumari la marehemu baba yake pale msumarini, waende, bata wana njaa.

Walifanyia mazoezi kwenye matete, ng'ambo ya tuta, kwa kuwa wimbo wa kaburi haupulizwi karibu na mgonjwa. Kwenye kitabu cha nyimbo cha chama mmeandikwa mifupa ya wimbo tu. Nyama yake huimbwa kwa mdomo, mwalimu anaimba, mwanafunzi anafuata. Lanyue aliimba huku anamwaga pumba. Dianwen alifuata. Pumzi alikuwa nayo, vidole alikuwa navyo, hakuna kijana kati ya Nanyu na mjini ambaye angemfikia. Lakini walipofika kwenye nota mdomo wake ulikaza wenyewe na kwenda kwenye kitufe. Akifikiria sana aliipata, na akiipata wimbo unakufa, kwa sababu huwezi kupuliza huku unajikaba. Akiuachia wimbo uende, nota inanyooka.

"Una piano mdomoni, Kaka," Lanyue alimwambia siku moja, bila ukali. Alichukua zumari, akafuta ulimi kwa kiganja, akampulizia yeye sehemu ile mara moja, mbili, tatu. Dianwen alitazama midomo yake na hakuona chochote cha kuiga. Haikufanya kitu. Nota ilikuja tu na kukaa, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake nyumbani.

Kwa siku arobaini waliendelea. Kati ya mara kumi aliipata mara mbili. Siku nyingine tatu, na siku hiyo alirudi nyumbani anatembea haraka.

Walisahau upepo. Mwezi wa kumi upepo unatoka ziwani unaingia kijijini, na kitanda cha bibi kilikuwa chini ya dirisha. Siku moja mchana, Dianwen akimmenyea mama yake yai la bata la chumvi, bibi alifumbua jicho moja.

"Unanifanyia mazoezi?"

"Ndiyo, mama."

"Nasikia wawili huko. Mmoja ana pumzi nyingi, anapita mbio. Mwingine anafika mahali fulani ananiweka hapa." Alijigusa kifuani. "Huyo wa pili ni nani?"

Dianwen aliendelea kumenya yai. Lilikuwa limeshamenyeka. Mama yake hakuwa ameona matete, hakuwa ameona mtu; neno moja dogo lingetosha, na bibi angeondoka nalo mpaka kaburini, ameridhika. Miaka thelathini na mitatu alikuwa amengoja aulizwe swali hilo.

"Lanyue," alisema.

"Najua ni Lanyue. Ulipokuwa kwenye televisheni na nguo yako ya kulalia, unadhani nani alikuwa ananilaza usingizi? Banda la bata liko pale." Bibi alipumzika kidogo. "Nilitaka kujua kama utasema. Basi anipulizie yeye."

"Mama, uliniambia nirudi nikupulizie."

"Nilikuambia nataka zumari la nyumbani. Sikusema wewe." Alinyoosha mkono akachukua yai. "Wa kupuliza watapatikana. Wa kunililia ninaye mmoja, na siku hiyo nayo unataka kunikimbia, ukajifiche nyuma ya zumari."

Alikula yai lote.

Siku ya kumi na mbili tangu hapo, baada ya uji wa asubuhi, barafu nyembamba ikiwa imeshika ukingoni mwa ziwa, bibi alimwomba mwanawe amgeuze atazame dirishani. Alipomaliza kumgeuza, alikuwa ameshaondoka.

Dianwen alivaa nyeupe, akaenda kupiga magoti mbele ya mlango wa chama, kama kila mwana anavyokwenda. Kuai Zhenhai alimwinua. Kisha Dianwen akafanya jambo ambalo halijawahi kufanyika Nanyu: alivuka barabara, akapiga magoti mbele ya banda la bata. Lanyue alikuwa na ndoo mkononi. Alimtazama, akamtazama Kuai aliyekuwa amesimama ng'ambo. Kila mtu alijua daftari haliandiki mwanamke, na wazee wengine walikuwa wameshaanza kukohoa.

Kuai alisafisha koo, akatangaza watu wote wasikie kwamba kwa mazishi haya chama hakina mpulizaji, na hilo liandikwe hivyo. Halafu akamwuliza Lanyue kama ana ulimi wowote mpya ambao haujajaribiwa.

"Upo mmoja," alisema Lanyue.

"Basi kaujaribu. Njia ni ndefu, jaribu vizuri."

Mazishi yalikuwa siku ya tatu. Mbele ya lango Dianwen aliinua bakuli la udongo akalivunja kwa pigo moja, na jeneza likanyanyuka. Ngoma ikaanza, matoazi, sheng nne, na juu yake zumari. Dianwen alitembea ameinama, fimbo ya msiba mkononi, kofia nyeupe imemfunika macho. Hakuwa amelia. Tangu siku ya kifo hakuwa ametoa hata chozi, na wanawake waliosimama kando ya njia walishaanza kunong'onezana kwamba Msanii machozi yake kayaacha mjini na mkewe.

Alikuwa anasikiliza, hilo ndilo lililomzuia. Alisikiliza pumzi ya Lanyue, fupi kuliko yake. Alisikia mahali alipokosea kidogo kwenye mpito wa pili, na yeye asingekosea. Na vidole vyake, juu ya fimbo, chini ya mkono mrefu wa nguo nyeupe, vilikuwa vinaziba na kufungua matundu ambayo hayakuwepo. Alikuwa anapuliza. Alikuwa anampulizia mama yake kwenye kijiti kilichofungwa karatasi.

Walipofika kwenye tuta, wimbo ukafika mahali pake. Zumari likashuka, likaigusa ile nota, likakaa, na sheng nne zikaingia chini yake bila mkwaruzo hata mmoja. Wakati huo huo Dianwen alihisi mdomo wake unakaza, na kidole chake cha nne kinasogea pembeni, mahali tundu lilipohamishiwa kule mjini. Vyote viwili vilikwenda kwenye kitufe bila kumwuliza. Jeneza lilikuwa hatua mbili mbele yake. Mama yake alikuwa anapita kwenye nota ile na mwanawe hayumo.

Aliishika fimbo kwa ngumi zote mbili, akazikaza mpaka hakuna kidole kilichoweza kujongea. Ndipo sauti ikamtoka. Kwanza ilikuwa kama kikohozi, halafu ikafunguka, mdomo wazi, kamasi na mate, sauti ya mtu mzima isiyokaa kwenye nota yoyote. Wanawake walinyamaza. Watu wawili walimshika kwapani. Nyuma yake Lanyue hakukatiza. Alirudia sehemu ile ile tangu mwanzo, kama anavyorudia mtu anayejaribu ulimi.

Kaburini alipomaliza, aliuchomoa ulimi, akaukung'uta maji, akamwambia Kuai kwamba huu ni mzuri, umeshajaribiwa. Kisha akarudi kulisha bata.

Dianwen bado yuko Nanyu. Zumari lake la mjini lilikwenda kwa mjukuu, ambaye halipendi. Barafu ikishika ziwani anatoka na mundu, anamkatia Lanyue matete, anachagua yale yaliyoota upande wa jua, anayaegemeza ukutani mwa banda. Mara nyingine Lanyue anakuwa ndani, anajaribu. Dianwen anashusha mzigo bila kishindo, anasubiri mpaka wimbo uipite ile nota, kisha anakwenda zake na mikono ndani ya mifuko.